Siku Tuliyomstaafisha Susu Kalekye

Wacha niseme mapema kwamba mwenye makosa hapa ni mimi, ili usifike katikati ukaanza kutafuta mtu wa kulaumu. Wapo walionisaidia kukosea, na hao nitawataja, lakini aliyeanza ni mimi, tena nikiwa na akili timamu, mchana, nikiwa nimeshiba. Jambo lenyewe limemaliza miaka miwili sasa na bado kuna siku nalikumbuka nikiwa nashona, mguu unasimama, cherehani inanyamaza, mteja ananiuliza kama uzi umekatika. Namwambia ndiyo, umekatika.

Jina langu ni Kavata. Mimi ni fundi wa nguo hapa Kyuso sokoni, na wakati huo nilikuwa katibu wa kikundi chetu cha ngoma (walinichagua katibu kwa sababu nina daftari la kuandikia vipimo vya wateja, hakuna sababu nyingine). Sikuzaliwa huku. Kwetu ni Kilungu, kule Makueni kwenye vilima, mahali ambapo ukitupa mbegu ya parachichi inaota bila kukuuliza, na nilipoolewa nikaletwa huku kwenye jua na mchanga na ndengu, mwaka wa kwanza nililia karibu kila siku. Mume wangu ni dereva wa lori la mifugo, anaweza kukaa nje wiki mbili, kwa hivyo nilikuwa nalia peke yangu, na kulia peke yako kunachosha kuliko kulia mbele ya watu.

Aliyenitoa kwa hayo machozi ni Susu Kalekye. Susu kwa Kikamba ni nyanya, na huyu alikuwa susu wa kila mtu, hata wazee wenye mvi walimwita hivyo. Alikuja mlangoni kwangu jioni moja akiwa amejifunga leso mbili, akaniangalia nilivyokaa kwenye kizingiti, akasema, "Wewe mtoto, unalia na miguu yako iko mizima. Amka twende." Sikumwuliza tunaenda wapi. Tulienda kwenye uwanja ulio nyuma ya soko, wanawake kama kumi na watano walikuwa hapo, na yeye akakaa, akaiweka ngoma kubwa katikati ya mapaja yake, akaanza kuipiga. Sijui nikueleze vipi. Ile ngoma ilikuwa inaingilia kwa nyayo. Kufikia giza kuingia nilikuwa nacheza na watu nisiowajua majina, na usiku huo nililala kama mtu aliyelima.

Ngoma yetu inaitwa kilumi. Ni ya wanawake, ya zamani sana, mababu walikuwa wanaicheza kuomba mvua na kutuliza wagonjwa, ingawa sisi siku hizi tunacheza kwa harusi na wakati serikali ina wageni. Kanisani haipendwi. Wachungaji wengi wanasema ni mambo ya mapepo, na wanawake wengi wakiokoka wanaiacha, wakikutana nasi njiani wanatusalimu kwa haraka. Susu Kalekye hakuiacha. Alikuwa ameipiga tangu akiwa msichana, amewafundisha waliokufa na walio hai, na Jumapili alikuwa anaingia kanisani na Biblia yake ya Kikamba anakaa kiti cha nyuma kabisa. Hayo yote nilikuwa nayajua, kila mtu alikuwa anayajua, lakini kuna kujua na kuna kufikiria juu ya kitu unachokijua, na hiyo ya pili sikuifanya.

Basi mwaka ule, baada ya kuvuna ndengu, tukiwa kwenye mkutano wa kikundi, nikasimama nikasema kwamba sisi hapa tuna tabia ya kumsifu mtu akiwa tayari kwenye sanduku, hasikii kitu, na kwamba ingekuwa vizuri tumfanyie Susu Kalekye sherehe akiwa hai, ale, acheke, asikie kwa masikio yake vile tunampenda. (Siku hiyo Susu hakuwa mkutanoni, alikuwa amepeleka mbuzi kwa daktari wa mifugo.) Watu walipiga makofi. Mwenyekiti wetu, Mzee Nzuki, ambaye kwa kawaida hakubali kitu mpaka kimezungushwa mara tatu, alikubali hapo hapo. Tukaamua pia tusimwambie. Tutamwambia tu kwamba kuna wageni wanakuja kuona kilumi, yeye aje na ngoma yake, halafu akifika ndio ajue kwamba mgeni ni yeye. Na wazo lenyewe halikuwa baya, mpaka leo nasema halikuwa baya, na hiyo ndiyo sehemu inayoniuma, kwa sababu tungekomea hapo hakuna chochote ambacho kingetokea.

Lakini mimi nilitaka bango.

Kuna kijana wa kutengeneza mabango kule Mwingi, nikamtumia picha ya Susu kwa simu pamoja na maneno ya kuandika, "Tunamheshimu Susu Kalekye". Kesho yake akanipigia nikiwa nampima mama mmoja gauni ya harusi ya bintiye, nina pini tano mdomoni, na huyo mama ni wa kuhema kwa nguvu ukimgusa kiuno.

"Mama, hapa umeandika mnamheshimu," yule kijana akasema. "Mnamheshimu kwa nini? Amekufa?"

"Hajakufa."

"Basi ni sherehe ya nini? Watu wanataka kujua wanaenda kwa nini. Na chini ya picha kuna nafasi kubwa, ikibaki wazi bango litakaa uchi. Ni siku ya kuzaliwa? Ni kustaafu?"

Nikatoa pini mdomoni, nikamwangalia yule mama ambaye alikuwa amesimama mikono juu akinisubiri, nikasema, "Weka kustaafu."

Ni hiyo tu. Maneno mawili. Nikarudisha pini mdomoni nikaendelea na kiuno cha watu. Na usifikirie kwamba nilikuwa na ubaya, maana nimejichunguza sana juu ya hilo. Kwangu mimi kustaafu lilikuwa neno la heshima. Wanaostaafu huku kwetu ni walimu wakuu na machifu, wanawekewa tenti, wanavalishwa maua ya karatasi shingoni, wanapewa kiti, na nikaona Susu ambaye hajawahi kuajiriwa na mtu maisha yake yote naye apate hilo neno kubwa juu ya picha yake. Hata haikunijia kwamba mtu hawezi kustaafu bila kuacha kazi.

Yule kijana akamaliza bango, akanitumia picha yake kwa simu, nami nikaitupa kwenye kundi letu la simu, na kutoka hapo ikaanza kutembea bila mimi. "Sherehe ya Kustaafu kwa Susu Kalekye, Wote Mnakaribishwa." Ilifika Tseikuru, ilifika Mombasa kwa mtoto wake wa kiume, ikafika pia kwa mke wa huyo mtoto, ambaye anaishi boma moja na Susu na ni mama mwenye bidii sana kanisani. Aliyekuwa hana simu ya kuonyesha picha ni Susu mwenyewe. Yake ilikuwa ile ndogo ya tochi.

Siku mbili baadaye mchungaji wa kanisa lao akanipigia. Ni mtu mpole, hana kelele, na wanangu wawili amewabatiza yeye.

"Dada Kavata," akasema, "mkwe wa Mama Kalekye ametuletea habari njema. Tumekuwa tukimwombea huyu mama miaka mingi. Ingekuwa sawa tukija kumshukuru Mungu pamoja naye?"

Sasa hapo mtu mwenye akili angeuliza habari njema ni gani. Mimi nikasikia kushukuru, nikasikia Mungu, nikaona sherehe bila maombi haifunguki. Nikamwambia, "Karibu sana mchungaji, wewe ndiwe utakayetufungulia." Nikachukua daftari la vipimo nikaandika: maombi, mchungaji.

Kisha Mzee Nzuki naye akaja dukani, akavuta kiti, akakaa. "Nimekuwa nikifikiria," akasema. "Kama anastaafu, ngoma kubwa itabaki na nani? Mtu hawezi kustaafu bila kukabidhi. Tumpe Mumbua."

Mumbua ni msichana wetu mzuri, ana miaka ishirini na kitu, Susu ndiye aliyemfundisha. Nilitaka kumwambia Mzee kwamba kustaafu ni jina tu la kujazia bango, kwamba Susu haendi popote. Neno lilifika kwenye ulimi. Lakini nikaona kumwambia hivyo ni kukubali kwamba nimeandika uwongo na kuusambaza mpaka Mombasa, na Mzee Nzuki ni mtu wa kukukumbusha kosa mpaka uzeeni. Nikasema, "Sawa Mzee." Nikaandika: kukabidhi ngoma. Mkono wangu huu.

Siku ikafika, Jumamosi, saa nane mchana, upepo ulikuwa mwingi na vumbi linaingia kwenye sufuria za pilau. Tulikuwa na tenti mbili, jenereta, maiki, na kijana wa muziki aliyetoka Mwingi na spika kubwa kuliko kabati. Watu walijaa. Kanisa lilikuja karibu lote, wanawake wamevaa sare zao nyeupe, na sisi wa kikundi tulikuwa na sketi nilizoshona mwenyewe, nyekundu zenye marinda, na njuga miguuni.

Susu alikuja kwa miguu, ngoma akiwa ameibeba mgongoni kwa kamba, akakataa kusaidiwa. Alipoingia kwenye tenti watu walisimama wakapiga vigelegele, na akaliona bango, akaona uso wake mkubwa kama mlango. Alicheka. Hicho kicheko nakikumbuka kwa sababu kilikuwa kizuri sana, aliziba mdomo kwa leso kama msichana. Halafu akasogea karibu na bango, kwa sababu Susu anasoma, polepole, kwa kidole, kama anavyosoma Biblia yake. Nikaona kidole kinapita kwenye jina lake, kinashuka, kinasimama. Midomo yake ikawa inatamka kipande kwa kipande.

Akanigeukia. "Kavata, hii ya hapa inasema nini?"

Nilikuwa na nafasi. Nataka uelewe kwamba nilikuwa na nafasi, tulikuwa wawili, watu walikuwa wanatafuta viti, hakuna aliyekuwa anatusikiliza. Ningemshika mkono nikamweleza, angenigombeza kidogo, tungeshusha bango tukacheza. Lakini niliona uso wake ulivyofurahi nikashindwa kuuharibu. Nikacheka. Nikamwambia, "Ni kukushukuru tu, Susu. Ni maneno ya mabango."

Akaniamini. Akaenda akakaa mahali tulipomwandalia, akaiweka ngoma mbele yake, mikono juu ya ngozi, tayari.

Mchungaji akapewa maiki. Aliomba vizuri, akaombea mvua, akaombea watoto walio shuleni, na mimi nikaanza kupumua. Ndipo akafungua macho akasema kwamba anataka kuongeza jambo dogo. Akasema leo ni siku ya furaha mbinguni. Akasema mama yetu Kalekye, baada ya miaka mingi ya kuombewa, ameamua mwenyewe kuachana na ngoma za giza, na amekubali kufanya hivyo mbele ya watu wote bila kuona haya. Akasema wako waliomkatia tamaa lakini Mungu hakumkatia tamaa. Wanawake wa sare nyeupe wakaanza kuimba. Wawili wao wakaja mbele na kiti cha mbao cha kuegemea, kimefunikwa kitambaa, zawadi ya kanisa, wakakiweka kando ya Susu. Mkwe wake alikuwa analia kwa furaha, na ilikuwa furaha ya kweli, siwezi kumsingizia.

Susu alikuwa anamwangalia mchungaji kama mtu anayesikiliza redio ambayo haishiki vizuri.

Mzee Nzuki, ambaye kama umempa programu ataifuata hata nyumba ikiungua, akaona wimbo unaelekea mwisho, akasimama. "Sasa tunaingia kwa kukabidhi ngoma," akasema. Mumbua akatoka kwenye mstari akapiga magoti mbele ya Susu, mikono ameifungua, maskini, nilikuwa nimemfundisha mwenyewe namna ya kupiga magoti. Na Mzee akainama akaishika ngoma kwa upande wa juu, kwa upole, akaivuta.

Haikutoka. Susu alikuwa ameikaza kwa magoti.

Mzee akavuta tena, akidhani imekwama kwenye leso. Watu wa mbele wakacheka kidogo, wakidhani ni mchezo wa kikundi. Mzee akanitazama mimi. Mumbua akanitazama mimi. Nikaona lazima niokoe hali (ndivyo nilivyowaza, niokoe), nikakimbia mbele, na mchungaji akanipa maiki kwa sababu alidhani nataka kuzungumza na watu, nami nikaipokea bila kufikiria, nikainama kwenye sikio la Susu nikanong'ona, "Wape tu, Susu, wape tu haraka, bango limeshaandikwa, tutaongea baadaye."

Maiki ilikuwa mkononi mwangu, kifuani, inawaka. Zile spika kubwa kuliko kabati zikaisema sauti yangu mpaka ng'ambo ya soko. Nilisikia maneno yangu yakirudi kutoka kwenye ukuta wa ghala la ndengu, "tutaongea baadaye", na uwanja mzima ukanyamaza, hata watoto. Katika huo ukimya kila mtu alielewa kwamba huyu mama hakuwa amestaafu chochote, alikuwa anastaafishwa.

Susu akaniangalia. Hakuwa na hasira, ningependa angekuwa na hasira. Akasema kwa Kikamba, taratibu, na maiki ikachukua hilo pia, "Kavata, nilikukosea wapi?"

Mtu mzima, katibu, mama wa watoto wawili, nilisimama na maiki kama mtu aliyeshika nyoka akaogopa kumwachilia.

Yeye akaifungua kamba ya ngoma polepole, akailaza chini mbele ya Mumbua, hakumpa, aliilaza tu. Akainama akafungua njuga za mguu wa kulia, halafu za mguu wa kushoto, akaziweka juu ya kile kiti cha kanisa. Akajifunga leso yake vizuri. Akatoka kwenye tenti akapita katikati ya watu, nao wakampisha. Na yule kijana wa muziki, ambaye ni mtu wa Nairobi tu amehamia Mwingi na haelewi Kikamba hata neno, akaona mgeni wa heshima anaondoka, akadhani sasa ni wakati wa muziki, akaweka wimbo wa kukata keki. Kwa sauti ya juu kabisa. Na jinsi alivyokuwa amekaa nyuma ya spika zake, alichelewa kuona mikono tuliyokuwa tunampungia.

Nikamkimbilia Susu. Nilisahau kwamba nina njuga miguuni. Nilipita soko zima, mbele ya duka la nyama, mbele ya wanaume wa mifugo waliokaa kwenye kivuli na chai yao, sketi ya marinda inapepea, na kila hatua ninayoruka inalia kama kundi la mbuzi limefunguliwa. Watu walitoka madukani kuangalia. Nilikuwa naita, "Susu, ningoje," na yeye hakukimbia wala hakugeuka, alitembea mwendo wake wa kawaida, lakini sikumfikia, kwa sababu karibu na posho mill ya kusagia unga sketi ilinasa kwenye msumari wa mkokoteni ikachanika toka kiunoni mpaka chini (nimeshona mimi, nilijua ule mshono ni dhaifu). Nikabaki hapo nimejishika nguo kwa mikono miwili. Mwenye duka la vitambaa, mama mmoja Mwislamu ambaye huwa ananiuzia uzi, akatoka akanizungushia kanga, akanikalisha ndani nyuma ya majora.

Huko uwanjani watu walikula pilau. Huku kwetu sherehe hata ikivunjika, chakula hakiachwi.

Kesho yake asubuhi nilienda kwake. Alikuwa nje anapepeta ndengu kwenye ungo, akanionyesha kigoda, nikakaa. Nikamweleza yote, bango, pini, nafasi iliyobaki wazi, mchungaji, Mzee Nzuki, sikuficha hata ule uwongo wa kwenye bango. Aliendelea kupepeta mpaka nikamaliza.

"Mngeniambia nimezeeka, ningesikia," akasema. "Macho ninayo. Mikono nayo inauma siku za baridi, nilikuwa nimeanza kumwachia Mumbua nyimbo ndefu, hukuona?"

Sikuwa nimeona.

"Unajua walinikataza meza ya Bwana kwa sababu ya hiyo ngoma? Hukuwa umeolewa bado. Waliniambia nichague, nikawaambia siwezi kuchagua, vyote viwili ni vya Mungu, nikakaa kiti cha nyuma. Huyu mkwe wangu watoto wake hawali kwangu. Nimebeba hiyo yote bila kelele." Akaweka ungo chini. "Sasa mchungaji amesimama mbele ya Kyuso nzima akasema nimetubu. Nikipiga tena, watasema nimerudi dhambini. Nisipopiga, nimekubali kwamba maisha yangu yote nilikuwa nacheza na shetani. Niambie wewe uliyesoma, nifanye ipi?"

Nikamwambia nitaenda kanisani niseme ukweli. Akasema, "Nenda," kama mtu anayemruhusu mtoto akacheze.

Nilienda kweli, Jumapili iliyofuata. Mchungaji aliniruhusu nisimame mbele, nikasema kwamba Susu Kalekye hakuacha ngoma, kwamba lile neno niliweka mimi, kwamba hakuulizwa. Watu walinisikiliza kwa adabu. Baada ya ibada mchungaji akanishika mkono, akasema anasikitika kwamba mama aliumia, na alisikitika kweli, halafu akaongeza, "Lakini dada, labda Mungu alitumia kosa lako." Nikaelewa kwamba sitaweza kulitoa lile neno mahali lilipoingia.

Mwezi haukuisha Susu akahama, akaenda Tseikuru kwa dada yake. Ngoma hakuichukua. Mumbua hakuweza kuipiga, alijaribu mara mbili kwenye mazoezi akaacha, akasema inamkataa, baadaye akaacha kuja kabisa. Bila ngoma kubwa kilumi ni wanawake wanaoruka tu. Tulikutana mara chache, halafu mikutano ikaanza kuahirishwa, halafu hakuna aliyeuliza ni lini. Hakuna aliyenifukuza ukatibu. Hakukuwa na kitu cha kuandika.

Mwaka jana tukasikia kwamba kuna harusi Tseikuru na kwamba Susu anapiga huko na kikundi cha huko, ngoma ya kuazima. Nilipanda lori na mume wangu, alikuwa anaenda kuchukua mbuzi, nikashuka nikafuata mlio. Niliusikia kabla sijaona watu, na miguu yangu ilijua ni yeye. Nikasimama nyuma, nyuma ya wanawake wenye watoto mgongoni. Alikuwa amekonda. Lakini mikono ilikuwa ile ile, na wanawake wa Tseikuru walikuwa wanacheza kama sisi tulivyokuwa tunacheza, na mimi sikucheza, nilisimama nimekunja mikono kama mtu wa kanisa.

Waliposimama kupumzika aliinua kichwa akaniona. Tulitazamana kwa muda, kama muda wa kumeza maji. Mama mmoja aliyekuwa anampa uji akageuka akafuata macho yake, akamwuliza ni nani yule.

"Ni mtu wa Kyuso," Susu akasema. "Mpe uji, ametoka mbali."

Nikaletewa uji, nikaunywa wote, nikarudisha kikombe, nikasema asante. Alikuwa ameshaanza wimbo mwingine.

Sasa mimi ni fundi wa nguo tu. Juzi walimu walikuja wakaniomba niwasaidie kupanga sherehe ya mwenzao anayeondoka, wakasema wamesikia mimi ni mtu wa kupanga vizuri (hao ni wageni hapa, hawajui). Nikawaambia nitawashonea vitambaa vya meza, basi, zaidi ya hapo siwezi. Na nikawauliza kama huyo mwalimu wamemwambia. Wakacheka, wakasema hapana, wanataka kumshtukiza. Nikaweka mkasi chini, nikawaomba wakae, nikasema hawatatoka kwenye hilo duka mpaka mmoja wao ampigie simu amwulize, kwa maneno yake mwenyewe, anataka asemwe nini.

Walidhani natania. Niliwasubiri.